Marimba, Mabati na Betri ya Volti 9: Mwongozo Kamili wa Kujitengenezea Ala za Umeme Ukiwa Bagamoyo

Shika marimba ya Kigogo iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi yake, upige ulimi mmoja tu karibu na sikio. Sauti haiji peke yake. Inakuja na mvumo: pete nyembamba za chuma zilizovishwa kwenye ndimi zinatetemeka, na kwenye tundu la sanduku kuna utando wa buibui uliobandikwa makusudi ili uvume kila ulimi unapolia. Hapa Bagamoyo wengi tuliujua mvumo huo kupitia kwa Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeishi na kufundisha mjini kwetu mpaka alipofariki mwaka 2003. Fundi wa marimba hauondoi mvumo. Anautafuta, anaurekebisha, na ukipotea anaona ala imekufa.

Naanzia hapo kwa sababu vijana wanaonifuata kutaka kujifunza muziki wa umeme wa majaribio hudhani wanaingia nyumba ya watu. Sivyo. Mwaka 1944 mjini Kairo, Mmisri Halim El-Dabh alichukua mashine ya kurekodi sauti kwenye waya, akarekodi wanawake wakiwa kwenye zaar, ngoma ya kupunga pepo, kisha akaingia studio na kuichezea ile sauti mpaka ikabaki kama mwangwi wake. Mfaransa Pierre Schaeffer alianza kutangaza kazi zake za namna hiyo Paris mwaka 1948, miaka 4 baadaye. Na kule Kinshasa kundi la Konono N°1 lilitengeneza maikrofoni za likembe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari mabovu, kwa sababu ala ndogo ya vidole ilikuwa haisikiki katikati ya kelele za jiji. Sauti iliyotoka ilikuwa imepasuka na kukwaruza, wakaipenda hivyo hivyo.

Nitakuonyesha kujenga vitu 3: maikrofoni ya kugusa, kopo linaloimba kwa mwanga na vidole, na kidhibiti cha vifuniko vya sufuria kinachocheza kompyuta. Cha kwanza ndicho nitakachokaa nacho muda mrefu zaidi, maana ukikielewa hicho mji mzima unageuka ala.

Kabla ya yote: umeme wa ukutani haumo humu

Kila kitu katika mwongozo huu kinatumia betri. Umeme wa nyumba zetu ni volti 230, na hakuna ala hata moja hapa inayohitaji kuguswa na huo. Usifungue kitu kilichochomekwa ukutani. Usifungue tanuri la mikrowevu hata likiwa limechomolewa, japo ndani mna kisahani tutakachokihitaji. Kapasita yake (kifaa kinachohifadhi umeme) hubaki na umeme wa volti elfu kadhaa, na inaua. Televisheni za zamani zenye kioo kinene ni hivyo hivyo. Betri za simu nazo ziache, zikikutanishwa waya kwa waya huwaka moto.

Jambo la pili ni masikio. Usijaribu saketi mpya ukiwa umevaa hedifoni. Anza na spika, volyumu ikiwa chini kabisa, ndipo upandishe.

Pa kupata vifaa

Nenda kwanza kwa fundi redio, usikimbilie dukani. Ukifika, salimia vizuri na ukae kidogo. "Shikamoo fundi. Naomba nichambue boksi lako la mabovu, nitakachopata nitakulipia." Fundi aliyekaa kwenye kazi miaka 20 ana boksi hilo, na ndani yake mna nusu ya vitu vyako: saa za mezani za kengele, wanasesere wanaolia, redio zilizokufa, kibodi za kompyuta zilizomwagikiwa chai. Mwambie unachotengeneza. Nimejifunza mengi kwenye mabenchi hayo kuliko mahali pengine popote, na mafundi wawili wameishia kuja kusikiliza.

Kutoka kwenye boksi chukua: visahani vya piezo (ni duara jembamba la shaba ya njano lenye duara jeupe dogo katikati, hukaa kwenye saa za kengele na wanasesere), volyumu za redio, matundu ya jeki, spika ndogo, na waya wa maikrofoni ule wenye wavu wa shaba ndani. Huo wa mwisho usiuache kamwe.

Vitakavyokosekana ni aisii (kijisanduku cheusi chenye saketi nzima ndani), transista za aina maalumu na rezista za mwanga (vifaa vya kuzuia umeme ambavyo uzuiaji wake hubadilika kwa mwanga). Hivyo tunavifuata Kariakoo, Dar es Salaam. Andika majina kwenye karatasi, kila herufi na kila namba, na usome maandishi kwenye kifaa kabla ya kutoa pesa. Aisii tunayotaka ni CD40106, yenye miguu 14 mirefu ya kuchomeka. Ukipewa 74HC14 ukaambiwa "ni ile ile", kataa. Mpangilio wa miguu ni ule ule kweli, ila hiyo hutumia volti 2 hadi 6 tu. Yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo. Sikusoma, nikaiunganisha na betri ya volti 9, ikatoa harufu ya kuungua kabla sijasikia hata mlio mmoja. Nauli ya kwenda na kurudi ikapotea.

Utahitaji pia pasi ndogo ya kulehemia, risasi ya kulehemia, ubao wa majaribio wenye vitundu, betri za volti 9 na vibanio vyake, na rangi ya kucha isiyo na rangi. Hii ya mwisho ni ya lazima, nitaeleza kwa nini.

Ala ya kwanza: maikrofoni ya kugusa

Maikrofoni ya kawaida husikia hewa. Kisahani cha piezo husikia kitu chenyewe: kikikunjwa hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hutoa umeme kidogo. Ukikibandika kwenye mlango, unasikia mchwa wa mlango, siyo watu wa barazani.

Kulehemu kwake kunataka haraka. Waya wa kati (wa sauti) unakwenda kwenye duara jeupe, wavu unakwenda kwenye shaba. Kwaruza shaba kidogo kwa msasa, weka tone la risasi, shika pasi kwa sekunde 2, ondoa. Duara jeupe ni gumu zaidi: lile ni vumbi la udongo uliochomwa lililopakwa fedha nyembamba, na pasi ikikaa sana, fedha inabanduka na kisahani kimekwisha. Weka tone dogo la risasi kwanza, liache lipoe, kisha uyeyushe waya ndani yake. Lehemu karibu na ukingo wa duara jeupe, siyo katikati, ili uzito wa risasi usiizuie sehemu inayotetemeka zaidi. Haribu vitatu vya kwanza bila huzuni, ndiyo ada.

Upande wa pili wa waya weka jeki: waya wa kati kwenye ncha, wavu kwenye shina. Kisha funga nyuma na mbele ya kisahani kwa utepe wa fundi umeme, juu yake zungusha karatasi ya alumini ile ya kufungia chakula, na hakikisha alumini inagusa wavu lakini haigusi duara jeupe. Usipofanya hivyo utasikia "mmmm" nzito isiyokoma. Hiyo ni hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) za umeme wa nyumba nzima zikiingia kwenye waya wako.

Sasa chomeka, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Wanachomeka kwenye mikisa, wanasikia sauti nyembamba ya debe, wanasema piezo ni mbovu. Siyo mbovu. Kisahani cha milimita 27 kina tabia ya kapasita ya takriban nanofaradi 20, na kikikutana na mlango wa kuingizia sauti wa mikisa wenye ukinzani wa kilo-omu 10, kila sauti iliyo chini ya hezi 800 hivi inaanza kupotea. Besi yote inamwagika. Kikikutana na mlango wa mega-omu 1, kama ule wa amplifaya ya gitaa, kinashuka mpaka hezi 8, chini kuliko sikio linavyofika. Kwa hiyo ama uwe na amplifaya ya gitaa, ama ujenge daraja dogo la transista.

Daraja hilo lina vitu vichache. Tafuta transista ya JFET, 2N5457 au J201, na uangalie mchoro wake wa miguu maana viwanda hutofautiana. Mguu wa D unakwenda kwenye chanya ya betri. Mguu wa G unapokea waya wa kati wa piezo, na kutoka G hiyo hiyo weka rezista ya mega-omu 1 kwenda hasi. Mguu wa S weka rezista ya kilo-omu 4.7 kwenda hasi, na pia kutoka S weka kapasita ya mikrofaradi 10, upande wake wa chanya ukitazama S, upande mwingine uende kwenye ncha ya jeki ya kutokea. Shaba ya piezo na shina la jeki zote ziende hasi. Hautasikia sauti ikiongezeka kwa nguvu, utasikia imenenepa. Dumu litalia kama dumu.

Kisha zunguka nayo. Nakushauri ukae wiki nzima ukisikiliza tu kabla hujapiga chochote mbele ya watu. Ibane kwa kibanio cha nguo kwenye ulimi wa mbuzi ya kukunia nazi, ukune polepole: kuna mlio wa juu unaopanda kadiri kifuu kinavyopungua nyama. Ibandike chini ya ungo, upepete mchele. Kwenye bati la paa, ibandike ukingoni karibu na msumari, maana katikati bati hutetemeka kwa fujo na sauti huchafuka. Kwenye marimba, weka mgongoni mwa sanduku, chini ya pale daraja linapokandamiza ndimi. Ukiisogeza vidole 2 tu kando, mvumo wa utando unazidi sauti ya ulimi au unapotea kabisa. Mahali pa kubandika ni nusu ya kazi ya ala hii. Namna ya kubandika ni nusu nyingine: gundi ngumu hupeleka milio ya juu, utepe wa pande mbili huila.

Ukitaka ala yake kamili, chukua ubao wa mita 1, laza dumu tupu la lita 20 mwisho mmoja, vuta waya wa breki ya baiskeli toka skrubu moja hadi nyingine ukipita juu ya dumu kwa kijiti kigumu cha daraja. Piezo ibane chini ya kijiti hicho. Ukibana waya katikati kwa chupa ya glasi, sauti inapanda mara 2 kamili. Robo ya mwisho, inapanda mara 4. Ichezee kwa chupa, kwa uta wa zeze, kwa mswaki wa zamani. Waya wa breki ni nyuzi nyingi zilizosokotwa, na ukiukwaruza kwa kucha kwa urefu unalia kama jahazi linalovutwa mchangani.

Ziko sauti chini ya maji pia, na hizi ndizo zilizonifanya nisiache kazi hii. Kisahani kikizibwa vizuri kinakuwa sikio la bahari. Paka rangi ya kucha mara 3 pande zote, kila mara ikauke, kisha kivishe silikoni ya mafundi vioo. Chagua isiyonuka siki. Ile inayonuka siki hutoa tindikali inapokauka na inakula shaba. Maikrofoni yangu moja ilikufa hivyo baada ya mwezi. Subiri saa 24, kisha ifunge kwenye mwiko mrefu wa mti na uishushe maji yakianza kujaa, pembeni mwa mikoko. Utasikia kama mafuta yanakaangika. Ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa kuliko jingine: wakilifunga kwa kasi, povu linatokea ndani ya maji na kupasuka, na kupasuka huko ndiko kunakolia. Kwenye maji ya kina kifupi ya pwani za joto mlio huo haukatiki mchana wala usiku. Wavuvi wanaujua kupitia ubao wa chombo. Wewe utaupeleka kwenye spika.

Ala ya pili: kopo linaloimba

Ndani ya CD40106 mna vigeuzi 6 vya aina ya Schmitt. Kila kimoja kina mlango na mlio: ukikipa juu kinatoa chini, ukikipa chini kinatoa juu. Ukirudisha kilichotoka kwenye mlango wake kupitia rezista, na mlangoni ukaweka kapasita, kinaanza kujibishana na nafsi yake. Kapasita inajaa, kinageuka. Inaisha, kinageuka tena. Kasi ya mabishano hayo ndiyo noti yako.

Weka aisii kwenye ubao wa majaribio, kikato chake kikiwa kushoto. Mguu wa 1 uko chini kushoto, unahesabu kwenda kulia hadi 7, kisha unapanda juu na kurudi kushoto, 8 hadi 14. Mguu wa 14 unakwenda chanya ya betri ya volti 9, wa 7 hasi. Kati ya chanya na hasi za betri weka kapasita ya mikrofaradi 100, upande sahihi, ili saketi itulie.

Milango ni 1, 3, 5, 9, 11 na 13. Milio yake kwa mpangilio huo ni 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Kwa sasa tumia wa kwanza tu. Milango 5 iliyobaki iunganishe na hasi yote. Mlango ulioachwa hewani hutangatanga na kuila betri.

Sasa weka kapasita ya mikrofaradi 0.1, ile iliyoandikwa 104, kati ya mguu wa 1 na hasi. Weka rezista ya kilo-omu 100 kati ya mguu wa 1 na wa 2. Imeshaanza kuimba, mahali fulani karibu na hezi 100. Ila usiichomeke moja kwa moja, kwani inatoa volti 9 nzima na amplifaya yako haikuzoea. Toka mguu wa 2 pita rezista ya kilo-omu 100, na pale inapoishia weka rezista ya kilo-omu 10 kwenda hasi. Toka kwenye makutano hayo weka kapasita nyingine ya 104, kisha ncha ya jeki. Shina la jeki liende hasi. Sasa ni chini ya volti 1, salama.

Ukikosa amplifaya, tumia redio ndogo ya betri iliyoshindwa kushika stesheni. Volyumu yake ina miguu 3: mmoja unaenda hasi, wa kati unaenda kwenye amplifaya ya redio, na wa pembeni unaleta sauti. Ingiza sauti yako kwenye huo wa pembeni, hasi kwa hasi. Hii ni kwa redio za volyumu ya kuzungusha tu, zile za vitufe hazikubali.

Ondoa rezista ya kilo-omu 100 uweke rezista ya mwanga. Kwenye kivuli kizito noti inashuka mpaka inakuwa "tok, tok, tok". Ukiipeleka kwenye mwanga inapiga kelele ya mbu. Sasa toka nje, kaa chini ya mnazi saa 4 asubuhi upepo ukivuma. Makuti yanafungua na kufunga jua, na kopo linaimba wimbo wa mti ule kwa dakika ile. Sijapata njia nyingine ya kusikia upepo wa kaskazi kama ule.

Ongeza kigeuzi cha pili. Toa mguu wa 3 kwenye hasi, uupe kapasita ya mikrofaradi 10, chanya ikitazama mguu, na rezista ya kilo-omu 100 kati ya 3 na 4. Huyu ni wa polepole, anageuka kwa muda wa sekunde hivi. Unganisha mguu wa 4 na mguu wa 1 kwa dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake ukielekea mguu wa 1. Kila wa pili anapopanda juu, anamziba mdomo wa kwanza, akishuka, anamwachia. Umepata mapigo. Badilisha rezista yake kwa volyumu ya mega-omu 1, na unayafuata mapigo ya msondo wa jirani. Kwa uzoefu wangu, vigeuzi 3 vinatosha kwa mchezaji mmoja. Sita vyote kwa pamoja ni ukuta, na ukuta hauna mlango wa msikilizaji kuingilia.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya vidole. Kwenye kigeuzi kimoja usiweke rezista kabisa. Toa waya 2, mmoja toka mlangoni na mmoja toka kwenye mlio, uzifunge kwenye skrubu 2 zilizokaa karibu juu ya kopo. Kapasita iwe 103, ndogo mara 10. Weka kidole juu ya skrubu zote mbili: ngozi yako ndiyo rezista. Ukibonyeza kwa nguvu noti inapanda, ukilegeza inashuka, jasho likikutoka inakimbia. Watu 2 wakishika kila mmoja skrubu yake na kugusana mikono, ala inalia kwa kushikana kwao. Mholanzi Michel Waisvisz aliujengea uchezaji wa namna hii sanduku lake la Kraakdoos miaka ya 1970. Hii ndiyo sababu nyingine ya kushikilia betri: mwili wa mtu uko ndani ya saketi, kwa hiyo usiunganishe kopo hili na kompyuta au amplifaya iliyochomekwa ukutani. Litumie na redio yake ya betri.

Kopo la maziwa la bati ni nyumba nzuri, kwani likiunganishwa na hasi linazuia mvumo wa nje. Lipasue kwa uangalifu, kingo zake ni wembe, na upande wa ndani uwekee kadibodi ili lehemu zisiguse bati.

Chumvi

Miongozo mingi iliandikwa na watu wanaokaa mbali na bahari. Sisi tunakaa nayo. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na pale penye shaba, chumvi na umeme wa betri unaokwenda upande mmoja, kutu ya kijani inaota ndani ya wiki. Kusi ikivuma ni haraka zaidi. Ala ikianza kukatika sauti bila sababu, kabla ya kulaumu aisii, angalia kibanio cha betri.

Ninavyofanya: nikimaliza kulehemu, nafuta mabaki ya dawa ya lehemu kwa spiriti na mswaki, naacha ikauke juani, kisha napaka rangi ya kucha kwenye kila lehemu. Jeki na skrubu za vidole sipaki, hizo nazifuta kwa kitambaa chenye spiriti kila baada ya kucheza. Ala inalala ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Betri hailali ndani ya ala hata usiku mmoja.

Ala ya tatu: vifuniko vya sufuria na kompyuta

Hapa nitakwenda haraka, kwani kazi kubwa ni ya uvumilivu tu. Chukua kibodi ya zamani ya USB. Fungua skrubu, toa karatasi 2 za plastiki zenye mistari, ubaki na kibao kidogo chenye waya wa USB. Ukingoni kina safu ya vijisehemu vyeusi au vya shaba. Kila herufi ni kukutana kwa vijisehemu 2. Chomeka kwenye kompyuta ndogo inayotumia betri yake, fungua ukurasa wa kuandikia, ukutanishe vijisehemu kwa waya na uandike daftarini kila jozi imetoa herufi gani.

Unachotafuta ni kijisehemu kimoja kinachotoa herufi 5 tofauti kikikutana na vingine 5. Hicho kifunge kwenye kijiko cha chuma. Vile 5 vifunge kwenye vifuniko 5 vya sufuria vilivyotandikwa juu ya mkeka bila kugusana. Kijiko kikigonga kifuniko, herufi inaandikwa. Vijisehemu vyeusi ni vya kaboni na havishiki risasi. Vikwaruze taratibu uone shaba, au vibane kwa skrubu.

Kwenye kompyuta weka Pure Data, programu ya bure aliyoianzisha Miller Puckette miaka ya 1990, ambayo hata mashine chakavu inaiendesha. Weka kisanduku cha [key] na ukiunganishe na [print], ugonge vifuniko, usome namba zake: herufi ndogo a ni 97, s ni 115, d ni 100. Namba zako 5 ziingize kwenye [sel], kisanduku cha kuchagua, kila tundu lake litoe ujumbe wa namba moja kwenda [osc~] kinachotoa mlio, kisha [*~ 0.1] ya kupunguza ukali, kisha [dac~] kinachopeleka sauti kwenye spika, kwa masikio yote mawili.

Namba zipi? Usiige piano. Kompyuta haijali, itapiga noti yoyote utakayoitaja. Mizani ya Wagogo inafuata ngazi za asili za sauti, zile zinazosikika ndani ya uzi mmoja unaotetemeka: mara 6, mara 7, mara 8, mara 9, mara 10 ya sauti ya chini. Anza na hezi 60, na vifuniko vyako vinakuwa 360, 420, 480, 540 na 600. Piga hizo, kisha piga marimba iliyotengenezwa kwa mizani hiyo. Ile ya 420 itakushangaza kama umezoea kinanda; kwenye kinanda haipo, inaangukia kati ya funguo mbili.

Ukitaka mvumo wa utando wa buibui, ingiza maikrofoni yako ya kugusa kupitia [adc~], kisanduku cha kupokea sauti ya nje, na uizidishe na [osc~] kwa [*~]. Sauti ya kifuniko chenyewe itapaka rangi juu ya noti. Bandika piezo chini ya mkeka na umekamilisha.

Siku ya kucheza

Ukicheza na ngoma, ziache ngoma zikae kama zilivyozoea na wewe utafute nafasi yako. Zinazidi amplifaya ndogo kwa mbali, kwa hiyo cheza sauti za juu na za chini kabisa, katikati waachie wenyewe. Amplifaya iweke mbele yako ikitazama watu, kwa sababu piezo ikikaa mbele ya spika karibu, itaanza kupiga yowe. Yowe hilo nalo ni sauti halali, ila liwe la kukusudia: sogeza bati karibu, linalia, weka kiganja, linanyamaza.

Ukitaka kurekodi wenzako, omba ruhusa kabla ya kubandika chochote kwenye ala ya mtu, na kama ni ngoma ya tiba, uliza wenye ngoma kama sauti hiyo inatoka nje au inabaki pale. Wakikuambia inabaki, toa betri kwenye mashine yako mbele yao.

Kuwasha kuna utaratibu: jeki kwanza, betri ya ala, sikiliza kwa volyumu ya chini, amplifaya ndiyo ya mwisho kupanda. Kuzima ni kinyume chake: shusha amplifaya, chomoa jeki, toa betri kwenye kopo, futa skrubu kwa spiriti, funga mfuniko wa ndoo.